Wizi wa kalamu ni wizi: mambo ambayo mlalamikaji anapaswa kuyajua

Katika mabaraza ya wananchi wilayani hapa Uganda kuna swali ambalo halikosi: kwa nini aliyeiba kuku anaozea rumande, na aliyekula fedha za kisima anapita mbele yetu na gari na dereva? Swali ni la haki. Lakini majibu mengi ambayo watu wanajipa wenyewe si ya kweli, na ndiyo yanayotukosesha mashahidi sisi wa Ofisi ya IGG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Serikali, tunaopokea malalamiko ya rushwa.

Tuanze na sheria. Si kweli kwamba wenye suti wana sheria yao nyepesi. Wizi wa kawaida chini ya Kanuni ya Adhabu una kifungo kisichozidi miaka 10. Ubadhirifu, chini ya Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009, unafika miaka 14, na kuisababishia serikali hasara ni hivyo hivyo. Hongo ni hadi miaka 10, kwa anayetoa na anayepokea. Kuwa na mali isiyolingana na kipato, ukashindwa kuieleza, ni hadi 10. Kutumia ofisi vibaya ni hadi 7. Mtumishi wa umma anayetiwa hatiani hashiki ofisi ya umma kwa miaka 10, na marekebisho ya mwaka 2015 yaliongeza nguvu ya kutaifisha mali yake.

Tatizo liko kwenye faini. Sheria zetu huhesabu faini kwa pointi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Kwa ubadhirifu, faini ya juu ni pointi 336, yaani shilingi 6,720,000. Kiasi hicho hakipandi hata kama kilicholiwa ni bilioni. Hapa wananchi wana hoja, na hatuna sababu ya kuificha. Ila jaji anaweza kutoa kifungo na faini pamoja, kisha akaamuru fedha zirudishwe. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba fulani "ametozwa milioni sita tu", uliza pia amri ya fidia imesemaje. Mara nyingi huko ndiko kwenye fedha, na habari haikuitaja.

Jambo la pili ni dhamana, na hili tumelieleza mara nyingi mno: dhamana si kuachiwa huru. Katiba, ibara ya 23, inataka kila mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Aliyekaa rumande siku 60 kabla kesi yake kuanza kusikilizwa, kwa kosa ambalo hata mahakama ya chini inaweza kulisikiliza, ana haki ya dhamana. Kwa makosa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu pekee ni siku 180 kabla kesi haijapelekwa huko. Haki hiyo ni ya mwizi wa simu sawa na ya mhasibu. Tofauti inaanza pale hakimu anapouliza makazi ya kudumu na wadhamini. Mhasibu ana wakili, hati ya nyumba, na wadhamini watatu wenye vitambulisho vya taifa na barua za mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Kijana aliyekamatwa Kisenyi, mtaa wa Kampala, analala kwa rafiki, mwenyekiti wa kijiji hamjui, na shangazi yake hana nauli ya kufika kortini. Anarudi gereza la Luzira kwa kukosa barua. Ndugu wakienda kwa LC1 siku ile ile ya kukamatwa, badala ya kungoja tarehe ya pili ya kesi, wengi wa vijana hawa wasingekaa ndani miezi.

Na tukubali kwamba mtaani mkono wa dola umekuwa mzito zaidi. Kwa miaka mingi vijana walizolewa kwenye misako kwa kosa la uzururaji, bila hata kitu kimoja kilichoibwa. Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vya sheria vya kosa hilo. Hatujawahi kusikia msako wa kuzoa watu katika idara ya fedha kwa sababu tu wanaonekana kama wezi, na isiwe hivyo kwa yeyote.

Sasa kwa nini kesi ya kalamu, yaani ya wizi wa kwenye karatasi na saini, inachelewa? Kesi ya simu ina mwenye simu, aliyemkamata mwizi, na simu yenyewe kama kielelezo. Kesi ya kisima ina ombi la idara, mkataba, hati ya mhandisi kwamba kazi imekwisha, vocha ya malipo, na taarifa ya benki. Kila karatasi ina saini, kila saini inapelekwa kwa mtaalamu wa maandishi pamoja na sampuli, na kila mwenye saini anasema alisaini kwa sababu mwenzake alikuwa ameshasaini. Karatasi moja ikikosekana, mnyororo umekatika. Katika mafaili ya visima, hati inayozungumza zaidi ni ya mhandisi. Imeandika kina kwa mita na idadi ya mabomba yaliyoshuka. Kina hupimwa. Hati ikisema mita 70 na kipimo kikisoma 40, mjadala umekwisha. Ndiyo maana tunawasihi wanakijiji wasiruhusu kisima kibovu kifukiwe au bomba ling'olewe kabla ya wapimaji kufika.

Mwaka 2012 fedha za kuijenga upya Kaskazini ziliibwa kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Wafadhili kadhaa walisimamisha misaada, na serikali ikairudishia Ireland yuro milioni 4. Hakuna aliyeshikiwa panga. Watu wa Kaskazini walikosa walichoahidiwa, kisha kodi ya nchi nzima ikalipa. Kondo mmoja, yaani jambazi wa usiku, angehitaji usiku ngapi kufikia hasara hiyo?

Lakini ni kondo tunayemvisha tairi. Kila mwaka taarifa ya polisi ina hesabu ya waliouawa na umati, na baadhi yao hawakuiba chochote. Anayeshiriki, hata kwa kuleta petroli tu, anashtakiwa kwa mauaji. Mweka hazina wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) aliyemaliza akiba za waendesha boda tunamwita "mwenye deni", tunakaa naye kikao, anaahidi kulipa kidogo kidogo, na harambee ya kanisa au ya msikiti inamwekea kiti cha mbele. Kikao hicho kinampa miezi ya kuhamisha shamba kwenye jina la shemeji. Deni ni fedha uliyomkopesha mtu kwa hiari yako. Fedha iliyotoka kwenye akaunti kwa saini ya kughushi ni wizi, na inastahili faili polisi siku hiyo hiyo.

Malalamiko yanayoongezeka sasa ni ya mpango wa serikali unaoitwa Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM. Kaya inastahili shilingi 1,000,000. Mtu anadaiwa 100,000 "ya fomu", anatoa, kisha anatuletea lalamiko la mstari mmoja: "viongozi wanakula". Viongozi gani? Lini? Hatuwezi kumpeleka mahakamani kiongozi asiye na jina. Tunahitaji jina la aliyedai, tarehe na mahali, kiasi, aliyekuwepo, na ujumbe wa mobile money kama ulitumia simu. Usiufute ujumbe huo, na usibadilishe simu bila kuuhifadhi. Kama hajakulipisha bado, usilipe. Omba muda, kisha piga ripoti, maana mtego wa hongo hupangwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Lalamiko kwa Ofisi ya IGG halilipiwi. Ukilitoa kwa mdomo, afisa analiandika. Ofisi haigusi suala la madai ambalo tayari liko mahakamani, wala haipindui hukumu, hivyo usipoteze nauli kwa hayo. Wala usianze redioni: ukimtaja mtu kwenye kipindi cha asubuhi, mchana faili huwa halionekani tena.

Anayetoa taarifa kwa nia njema analindwa na Sheria ya mwaka 2010 ya kuwalinda wafichuaji. Anayemtaja mtoa taarifa anakabiliwa na kifungo hadi miaka 5 au faini hadi pointi 120, yaani shilingi 2,400,000, au vyote viwili. Fedha zikirejeshwa kutokana na taarifa yako, unastahili asilimia 5 ya kilichopatikana. Anayesema uongo kwa makusudi halindwi. Unaweza kuleta taarifa bila jina, na tutaisoma, ila hatutakuwa na njia ya kukuuliza ukurasa wa pili wa vocha uko wapi.

Ukifika, njoo na nakala, si karatasi halisi. Halisi ibaki ilipo, kwenye faili lake. Ukiichukua ofisini mwa watu, wakili wa upande wa pili atauliza ilifikaje mikononi mwako, na wewe ndiwe utakayejibu kizimbani.