Je, wajua kwa nini roboti bingwa haitetei taji lake?

Ukiingia kwenye karakana ya timu ya wanafunzi iliyoshindana kwa misimu mingi, utakuta roboti zao za zamani zimepangwa ukutani. Moja fupi kama stuli, nyingine ina shingo ndefu, ya tatu ni mdomo mtupu wa kuzoa mipira. Huwezi kudhani zimetoka kwenye mikono ya mafundi wale wale. Karibu zote, hata ile yenye kombe juu yake, zilishindana msimu mmoja tu. Kwa nini bingwa asirudi uwanjani mwaka unaofuata?

Kwa sababu mchezo alioushinda haupo tena. Katika FIRST Robotics Competition, shindano la wanafunzi wa sekondari lililoanzishwa Marekani na mvumbuzi Dean Kamen na kuchezwa mara ya kwanza 1992, mchezo mpya hutangazwa kila Januari. Mwaka 2010 roboti zilicheza soka. Mwaka 2012 zilitupa mipira kwenye vikapu, 2013 zikarusha visahani na kukwea piramidi ya vyuma, 2015 zikapanga makreti. Roboti iliyoundwa kupiga mpira wa miguu itayafanya nini makreti?

Wazo hilo lilitoka darasani. Profesa Woodie Flowers wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alikuwa akiwapa wanafunzi wake sanduku la vifaa na kazi moja ya kutimiza, kisha mashine zao zinapambanishwa. Kubadili kazi kila mwaka hufanya mgeni na mkongwe waanzie kwenye karatasi tupu. Ndivyo inavyosemwa, ingawa mimi naliamini nusu tu: mkongwe ana mashine za kukerezea, ana walezi wahandisi, na ana kumbukumbu ya makosa yake.

Kuna mwaka mmoja ambao hata kumbukumbu hiyo ilitikiswa. Mwaka 2009, miaka 40 tangu binadamu wakanyage mwezini, waandaaji walitandika sakafu ya plastiki inayoteleza na kuilazimisha kila timu kutumia magurudumu magumu ya aina moja, laini kama sahani. Lengo lilikuwa kuiga mvutano hafifu wa mwezini. Hapo nguvu ya mota ikawa haina kazi, maana roboti husukuma kwa kadiri gurudumu linavyoing'ang'ania sakafu. Likishapita kiwango hicho, linazunguka mahali pale pale. Juu ya hayo, kila roboti ilikokota tela ambalo wapinzani walilijaza mipira. Dereva aliyezoea kukanyaga mafuta hadi mwisho alijikuta anaserereka hadi ukutani. Aliyeongeza mwendo polepole ndiye aliyefika.

Lakini si kila kitu hutupwa. Mikono, midomo na mitambo ya kurushia hubadilika, huku sehemu ya chini inayobeba magurudumu ikirithiwa kutoka roboti hadi roboti. Kwa miaka mingi timu nyingi zilipenda magurudumu sita, matatu kila upande, roboti ikigeuka kama kifaru cha vita: upande huu mbele, ule nyuma. Kasoro yake ni kwamba wakati wa kugeuka magurudumu ya mbele na ya nyuma huburuzwa kimshazari na kuimaliza betri. Dawa ilikuwa ndogo ajabu: shusha ekseli ya katikati milimita tatu hivi. Sasa roboti inasimama juu ya magurudumu manne kwa wakati mmoja, inabembea kidogo, na inageuka kwa wepesi. Ukiinama kuzitazama roboti za ukutani kwa chini, utaona ni mwaka gani timu ilijifunza hilo.

Baadaye ukaja mfumo ambao kila gurudumu lina mota mbili, moja ya kulizungusha na nyingine ya kulielekeza, hivyo roboti huenda upande wowote bila kugeuza uso. Zamani ni timu chache zilizothubutu kuutengeneza. Ulipoanza kuuzwa ukiwa umeshaundwa, ukaenea upesi. Programu nazo hurithiwa. Tangu 2003 mechi huanza kwa sekunde chache ambazo roboti hujiendesha yenyewe, na timu yenye busara haiandiki upya msimbo wa kunyoosha mwendo kila Januari.

Kulikuwa pia na sheria ya mfuko. Baada ya wiki sita za ujenzi, roboti ilifungiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye lakiri hadi siku ya mashindano. Timu zenye uwezo ziliizunguka kwa kujenga roboti pacha ya mazoezi, na kwa maoni yangu hapo ndipo sheria ilipopoteza maana. Iliondolewa kuanzia msimu wa 2020.

Msimu huo huo ndio ulioleta hali isiyo ya kawaida. Korona iliukata katikati, mwezi Machi, na 2021 waandaaji walirudisha mchezo ule ule, timu nyingi zikitimiza changamoto zake kila moja kwao. Roboti za mwaka uliopita zikapata msimu wa pili, fursa ambayo nyingi za mabingwa waliozitangulia hazikuipata. Januari 2022 mchezo mpya ukatangazwa, na bisibisi zikarudi kazini.