Dufu ni nini: ngozi moja, duara la mti, na nakshi ya ubavuni

Dufu ni ngoma ya mkononi iliyowambwa ngozi upande mmoja wa duara la mti, upande wa pili ukaachwa wazi. Kina cha duara hilo ni kidogo kuliko upana wa ngozi, na hapo ndipo dufu linapoachana na ngoma nyingine tunazozijua. Msondo ni gogo refu lenye tumbo. Dufu halina tumbo: ukiligeuza, unauona mgongo wa ngozi yenyewe. Dufu la maulidi kwa kawaida lina upana wa futi moja au zaidi kidogo, na ubavu wa kama vidole vinne, kiasi cha mkono mmoja kulishika na wa pili kulipiga bila kuchoka mapema.

Jina limetoka Kiarabu, duff. Ndugu yake ni tari, nalo la Kiarabu vilevile. Watu wengi hawatofautishi kati ya hayo mawili. Wanaotofautisha husema tari ni lile lenye vibati vya shaba vilivyopachikwa kwenye matundu ya ubavuni, vinavyolia kila likitikiswa, na dufu ni lile tupu. Wakristo wanalijua tari kwa Biblia: baada ya Waisraeli kuvuka bahari, Miriamu alilitwaa mkononi na wanawake wakamfuata na matari yao. Neno la Kiebrania lililoandikwa pale ni tof. Litamke karibu na duff, utasikia udugu wao.

Kwa maana ya ufundi, basi, dufu ni ngoma. Lakini neno ngoma kwa Kiswahili limebeba mengi: ni chombo, ni mchezo wenyewe, ni sherehe, ni unyago, ni ngoma ya pepo. Ndiyo maana wapo wapigaji wa maulidi wasiopenda kusikia dufu likiitwa ngoma, na mimi nawaelewa. Wanalishika huku wakimswalia Mtume, na hawataki lichanganywe na mengine yote yaliyomo ndani ya neno hilo.

Mabishano kuhusu dufu ni ya siku nyingi. Katika Sahihi Bukhari, mkusanyiko mashuhuri wa hadithi za Mtume, imo habari ya Rubayyi binti Muawwidh: siku ya harusi yake wasichana walikuwa wakipiga dufu na kuwasifu mashujaa waliouawa katika vita vya Badri, na Mtume amekaa pale. Mmoja wao akaimba kwamba kati yetu yupo Nabii ajuaye yatakayotokea kesho. Akaambiwa aache maneno hayo, aendelee na yale aliyokuwa akiyasema. Yaliyosahihishwa ni maneno; dufu liliendelea kulia. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye kitabu chake cha fikihi, Minhaji, kina uzito mkubwa kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, wa pwani yetu, anajuzisha dufu kwenye harusi na tohara, na kwa kauli iliyo sahihi zaidi hata kwingineko, lijapokuwa na njuga. Wapo wanazuoni wasiokubali lipigwe nje ya harusi, na wengine hawataki kabisa liingie msikitini. Habib Swaleh, mwanazuoni mzaliwa wa Ngazija aliyehamia Lamu, alipingwa na wakubwa wa mji kwa kuyakaribisha matari katika maulidi. Leo Maulidi ya Lamu, pale Msikiti wa Riyadha, huwavuta wageni kutoka pande zote za pwani, na matari ni sehemu yake.

Unguja kuna maulidi ya homu, yenye mizizi katika twarika, yaani njia ya kisufi, ya Rifai, inayonasibishwa na Sheikh Ahmad al-Rifai wa Iraki aliyefariki mwaka 1182. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe hupiga magoti kwa safu, bega kwa bega, wakayumba pamoja kama makuti yaliyopigwa na upepo mmoja. Nyuma au pembeni yao wako wapiga madufu. Mwendo huanza polepole. Kila kasida, yaani shairi la kumsifu Mtume, inaposonga dufu linakaza, na safu nayo inakaza. Ukilitazama jambo hilo kwa makini utaona kazi ya dufu ni kuzishika pumzi za watu wengi zisiachane. Kwa hiyo fundi anayelitengeneza anahitaji sauti iliyo wazi, isiyovuma kwa muda mrefu, ili pigo moja lisimeze jingine. Karibu kila anachofanya karakanani kinatokana na haja hiyo.

Huanza na mti uliokauka sawasawa. Mti mbichi hujikunja ukikauka, duara likawa kama yai, na ngozi ikalegea upande mmoja. Njia ya kizamani ni kukata kipande cha gogo na kukikomba ndani mpaka ibaki pete. Inakula mti mwingi, lakini duara linalopatikana halina kiungo. Wengine hukata vipande vyenye upinde na kuviunga kwa gundi, na wengine hulainisha ubao mwembamba kwa maji moto wakaupinda. Mfenesi ni mti mzuri kwa kazi hii. Hauna uzito wa kuumiza mkono, mchwa hawaupendi, na rangi yake ya manjano huzidi kukolea kadiri unavyoshikwa. Mafundi wa India Kusini huchonga mridangam, ngoma yao ya muziki wa hekaluni, kwa mti huohuo.

Duara likishapatikana, ukingo unaobeba ngozi husawazishwa. Fundi huulaza juu ya kioo au meza iliyonyooka na kutazama kama mwanga unapenya chini yake. Ukipenya, hapo patatoa mkwaruzo badala ya sauti. Ukingo wenyewe huviringwa kidogo kwa msasa, kwani ukiachwa mkali huikata ngozi taratibu kama kisu.

Ngozi ni ya mbuzi. Hulowekwa kwa siku kadhaa kwenye maji ya chokaa au majivu mpaka manyoya yaanze kutoka yenyewe, halafu hukwanguliwa pande zote mbili, nyama na utando wote vikaondoka. Baada ya hapo huoshwa tena na tena. Chokaa ikibaki ndani, ngozi hudhoofika na kupasuka kabla ya wakati wake. Hatua hii inanuka, inachosha, na ndiyo inayorukwa na wenye haraka. Kisha fundi huinyanyua ngozi juani kuitazama, kwa sababu unene wake haulingani: nene shingoni na mgongoni, nyembamba tumboni. Aliye makini huupitisha mstari wa uti wa mgongo katikati kabisa ya duara ili kulia na kushoto kufanane. Katika dufu lililotengenezwa vizuri, mara nyingi mstari huo utauona kama kivuli, umeligawa dufu nusu kwa nusu.

Sasa huja kuwamba. Sote tunaijua methali isemayo mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nasi huitumia kumsema mchoyo. Mbele ya fundi halisi methali hiyo ni kweli nusu tu, maana huivutia kwake, halafu akaizunguka na kuivuta upande wa pili. Msumari wa kwanza hufuatwa na ule ulio mkabala nao. Wa tatu hupigiliwa katikati ya hao wawili, wa nne mkabala na wa tatu, na kuendelea hivyo mpaka duara lijae. Anayepigilia kwa kufuatana, mmoja baada ya mwingine, hujikuta amesukuma ulegevu wote mwishoni, ukawa mkunjo usiotoka. Tena ngozi mbichi haivutwi mpaka mwisho, kwani ikikauka hujikaza yenyewe. Ukiikaza kabla, itapasuka au italipinda duara. Huachwa kivulini siku mbili tatu. Jua kali huikausha kingo kabla ya katikati na kuichana kwenye misumari.

Kwa wanaopenda hesabu, ngozi ya duara haitetemi kama uzi wa gambusi, chombo cha nyuzi. Sauti za juu za uzi hutetema kwa kasi mara 2, mara 3, mara 4 ya sauti yake ya chini. Za ngozi ni kama mara 1.59, mara 2.14, mara 2.30. Hazipangiki, ndiyo sababu dufu haliwezi kuimba wimbo, na ndiyo sababu pia haligombani na sauti ya msomaji wa kasida, awe anaanzia juu au chini. Ukilipiga kuelekea katikati unaamsha ile sauti nzito ya chini. Ukilipiga ukingoni kwa ncha za vidole unapata zile kali. Mapigo hayo mawili, zito na kali, ndiyo msingi wa midundo yote ya dufu.

Nakshi huwekwa ubavuni, kwenye mti, na hufanywa kabla ya kuwamba. Wengine hupaka rangi, kijani ikipendwa zaidi, wengine huchonga majani na mizabibu ya kurudiarudia. Misumari yenye vichwa vya shaba hufanya kazi mbili, kushika ngozi na kupendeza, kama ilivyo vifundo vya shaba kwenye milango ya Mji Mkongwe. Sanamu za watu na wanyama haziwekwi. Kuandika majina matukufu nako kunataka tahadhari, kwa kuwa ubavu ndipo mkono unaposhika na jasho linapokaa. Kwa maoni yangu ua lililochongwa vizuri linatosha. Ngozi huachwa tupu. Rangi huongeza uzito na kuigandisha, na sauti ikafa.

Hilo la ngozi tupu hulioni kila mahali. Wasami wa kaskazini ya mbali ya Ulaya, wafugaji wa kulungu wa theluji, walikuwa na ngoma zao za umbo la yai zilizotumiwa na noaidi, yaani mganga na mwombezi wa jamii. Kwao ngozi ndiyo iliyojaa michoro: jua, miungu, wanyama, watu, njia za dunia hii na nyingine. Ilichorwa kwa maji mekundu ya magome ya mti uitwao alder. Pete ndogo iliwekwa juu ya ngozi, ngoma ikagongwa kwa nyundo ya pembe, na pete ikawa inarukaruka kutoka picha hadi picha. Noaidi alisoma mahali ilipotua. Wamisionari na watawala walizinyang'anya na kuzichoma nyingi katika karne ya 17 na 18. Ngoma ya Anders Poulsen, aliyeshtakiwa kwa uchawi kule Norway mwaka 1692 na kuuawa akiwa kizuizini kabla hukumu haijatoka, ilikaa Denmark muda mrefu. Umiliki wake ulirudishwa kwa Wasami, katika makumbusho yao ya Karasjok, mwaka 2022. Ngoma ile ilipigwa na kusomwa pia, kwa hiyo picha ilikaa ngozini. Dufu letu linapigwa tu, maneno yanatoka kinywani mwa waja, na pambo likabaki pembeni lisiwazuie.

Adui mkubwa wa dufu pwani ni unyevu. Ngozi hunywa maji ya hewani, hulegea, na sauti ikawa kama ya kupiga mto wa usufi. Siku hizi yapo madufu ya ngozi ya plastiki yasiyojali masika wala kiangazi, na sioni vibaya watoto wa madrasa kujifunzia hayo, ingawa sauti yake haina ule ukungu wa joto wa ngozi ya mbuzi. Yenye ngozi halisi huotwa moto. Kabla ya maulidi ya usiku huwashwa makaratasi au makuti makavu nje, na wapigaji wakayazungusha madufu juu ya mwali, mbali kidogo, wasiiunguze ngozi. Kiongozi wao hulisogeza lake sikioni, akaligonga kwa kidole kimoja, akalirudisha motoni. Ndani, msomaji ameshafungua kitabu na anasubiri.