Zǒu si "kutembea" tu

Shemeji yangu anayefuata mzigo Guangzhou aliingia duka la mabegi miguu ikimwaka moto. Akitaka kumwambia mwenye duka kwamba ametembea sana, akasema kwa Kichina "wǒ zǒu le". Yule mama akampungia mkono wa kwaheri. Mpaka leo shemeji anasimulia jinsi alivyofukuzwa dukani. Hakufukuzwa, aliaga mwenyewe.

Orodha za maneno zinazozunguka kwenye simu zetu huandika zǒu (走) ni kutembea, basi. Ukisema zǒulù, sawa, unatembea kwa miguu. Ila zǒu ikisimama peke yake mara nyingi ni kuondoka: zǒu ba, twendeni zetu, tā zǒu le, ameshaondoka, na penye msiba, ametutoka.

Wanaonikera hasa ni wanaoshikilia kwamba kutembea ndiyo maana ya asili. Asili yake ni kukimbia! Herufi ya kale ilichora mtu anayerusha mikono, na chini yake wayo. Katika kisa cha Han Fei, mwanafalsafa wa China ya kale, cha zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, sungura ana-zǒu, anajigonga kwenye kisiki, anavunjika shingo na kufa. Sungura wa mwendo wa pole angevunjikaje shingo? Zama hizo kutembea kuliitwa xíng (行), herufi iliyoanza kama mchoro wa njia panda. Baadaye pǎo ikachukua mbio, zǒu ikapunguza mwendo, na xíng ikabaki na kazi yake barabarani: xíngrén ni mwenda kwa miguu, rénxíngdào ni njia yake ya pembeni. (Herufi hiyohiyo ikisomwa háng utaikuta kwenye neno la benki. Hayo tuyaache.)

Tena Kikantoni, kinachosemwa hapohapo Guangzhou, hakijaachia ya kale. Kutembea ni 行, wao hutamka haang; 走, yaani jau, ni kukimbia au kuondoka. Kwa hiyo mzee wa Kikantoni akisikia "jau", hafikirii matembezi hata kidogo.

Basi shemeji, siku nyingine miguu ikiuma malizia sentensi: wǒ zǒule hěn duō lù, nimetembea njia ndefu. Hapo huenda ukasogezewa kiti.