Jina la Askari Si Anwani ya Kurudishia

Nimeulizwa tena, safari hii na kijana msomi wa hapa Moshi, ni anwani gani aitumie ili kisahani cha utambulisho, yaani kile chenye jina la askari alichokivaa vitani, alichokiokota upande wa Kahe kimfikie mwenyewe huko Uingereza. Alikuwa amekwisha kukichimbua na kukisugua kwa majivu na limau mpaka kikang'aa, na picha yake ilikuwa imekwisha kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya kunifikia mimi. Nilipomwuliza kilikuwa kimelala wapi, alijibu kwamba ni huko mashambani, karibu na mto. Imani yake ndiyo ninayokutana nayo kila mara katika kazi hii ya kutambua vifaa vya kivita: kwamba kitu chenye jina kina mwenyewe, mwenyewe ana ukoo, na aliyekiokota ana wajibu mmoja tu, yaani kukipeleka haraka. Ni imani ya watu wema, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kuihoji, ingawa inaharibu mambo ambayo hayarekebishiki.

Tuanze na kisahani chenyewe. Mwezi Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya upande wa Uingereza chini ya Jenerali Smuts yalitokea Taveta, yakaingia Moshi, kisha tarehe 21 yakapigana Kahe, na usiku ule majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yakarudi nyuma na kuvuka mto Ruvu. Wakati huo mwanajeshi wa Uingereza alipewa kisahani kimoja tu, chekundu, kilichotengenezwa kwa nyuzi zilizoshindiliwa na kutungwa kwenye uzi shingoni. Alipouawa, mwenzake alikitoa ili kifo kiandikishwe, na mwili ukabaki bila kitu cha kuutambulisha. Kasoro hiyo ndiyo iliyoleta, Septemba 1916, utaratibu wa visahani viwili, cha kijani chenye pembe nane kikikusudiwa kubaki na maiti, na chekundu cha mviringo kikiondolewa kwa ajili ya kumbukumbu. Nyuzi zile huoza katika udongo wenye maji kama wa bonde la Kahe, kwa hiyo mtu akiniletea kisahani cha metali nafikiria kwanza kwamba huenda ni cha alumini cha kabla ya vita, au ni bangili ambayo askari alijinunulia mwenyewe kwa kuwa hakukiamini kile alichopewa.

Sasa lipo jambo ambalo ninalirudia mpaka nachoka. Kisahani kikikutwa ardhini, kuna uwezekano wa kweli kwamba hakuna aliyefika kukiondoa, na kwamba mtu aliyekivaa bado yuko hapo hapo chini. Jina lake si siri, kwa sababu majina ya askari wa Uingereza waliopotea yameandikwa kwenye kuta za kumbukumbu na katika orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambazo mtu yeyote anaweza kuzitafuta kwa simu yake. Lililokosekana kwa zaidi ya miaka mia moja ni mahali alipolala. Kijana wangu alikuwa ameshika mkononi jina ambalo wenye askari wao wanalo tayari, na alikuwa amekitupa kile wasichokuwa nacho, pamoja na kina cha shimo, upande ambao kitu kilielekea, rangi ya udongo uliokizunguka, na vipande vidogo vilivyokuwa kando yake ambavyo hakuvitazama kwa sababu havikung'aa. Kama kulikuwa na mifupa, basi ameutenganisha mwili na ushahidi pekee ambao ungeweza kuupatia kaburi lenye jina. Hilo si kumrudisha mtu nyumbani. Ni kumpoteza mara ya pili, na nalisema kwa ukali huo huo hata aliyefanya hivyo akiwa na nia njema.

Kwa hiyo ukikutana na mfupa, acha jembe, funika, toa taarifa serikali ya kijiji na polisi. Ukikutana na kombora au bomu la mkono, ondoka na uite polisi, wala usilisogeze ili upate picha nzuri.

Medali ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo watu hukosea kwa namna ambayo ingeepukika kwa kufikiri kidogo. Medali za duara za Uingereza walizopewa askari kwa kuhudumu katika Vita vya Kwanza zina namba, cheo, jina na kikosi cha mhusika vilivyogongwa kwenye ukingo, jambo linalomfanya kila anayeiokota aamini kwamba ameokota msiba. Lakini medali hizo zilianza kutolewa baada ya vita kwisha. Hakuna askari aliyeanguka Kahe mwaka 1916 akiwa nayo kifuani. Medali ikitoka ardhini hapa Kilimanjaro, ililetwa na mtu aliyekuwa hai miaka kadhaa baadaye: mlowezi aliyerudi kulima kahawa, afisa wa serikali ya kikoloni, au mtu aliyeipata kwa kununua, kuwekewa rehani, kupewa zawadi au kuiba. Kila mojawapo ya njia hizo hubadilisha jibu la swali la kurudisha, na jina lililo ukingoni haliwezi kukuambia ni ipi. Kwa Vita vya Pili hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa medali walizopewa Waingereza kwa kawaida hazikuandikwa jina, ilhali zile za Afrika Kusini ziliandikwa.

Vifungo nitavipitia haraka. Maneno yaliyo nyuma ya kifungo, kama vile Firmin au Gaunt, ni ya mtengenezaji, wala hakuna Bwana Firmin aliyekufa kwenye miwa ya Arusha Chini. Kijiko chenye namba nacho hakimtaji mtu mmoja, kwa sababu kabla ya mwaka 1920 kila rejimenti ya Uingereza ilikuwa na mfululizo wake wa namba, hivyo namba moja iliweza kuwa ya watu wengi kwa wakati mmoja. Msitegemee pia kwamba jalada la askari litapatikana London kwa urahisi, kwani zaidi ya nusu ya majalada ya askari wa kawaida wa Vita vya Kwanza yaliteketea kwa moto wa mabomu mwezi Septemba 1940.

Linaloniuma zaidi ni upande mmoja ambao fikra ya kurudisha huelekea siku zote. Naulizwa anwani za London, Berlin na Johannesburg. Sijawahi kuulizwa anwani ya Kibosho wala ya Meru. Wapagazi, yaani Waafrika waliobebeshwa mizigo ya majeshi, walikufa kwa makumi ya maelfu katika Vita vya Kwanza, wengi kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawakuacha kitu chenye jina ambacho mtu angekiokota. Mwaka 2021 Tume hiyo hiyo ya makaburi ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Watu wa Old Moshi wanaelewa uzito wa jambo hili kuliko mimi, kwa sababu Mangi Meli, mtawala wao wa Kichagga, alinyongwa huko na Wajerumani mwaka 1900 na wazao wake bado wanakitafuta kichwa chake, ingawa mwaka 2023 uchunguzi wa vinasaba uliofanywa Ujerumani ulilikuta fuvu la mmoja wa washauri wake na kulihusisha na ukoo ulio hai hapa hapa. Fuvu ni mtu, na mtu hurudi kwa watu wake. Bizimu la mkanda si mtu, na nakataa kuvipima kwa kipimo kimoja.

Sheria nayo haitoi jibu ambalo wengi wanalitarajia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kwa hiyo kifaa cha 1916 hakiingii humo kwa umri wake peke yake. Kabla ya kukitoa nchini waulize kwanza Idara ya Mambo ya Kale, na kama unaona uzito kwenda huko, anzia Makumbusho ya Elimu Viumbe, kwenye Boma la zamani la Wajerumani pale Arusha.

Nina shaka moja ambayo sijaimaliza. Bibi mmoja wa Marangu ana medali ya askari wa Afrika Kusini ndani ya kopo la chai. Anasema baba yake alipewa na mwajiri wake kwa mkono, na mjukuu wake anataka irudishwe kwa wenyewe. Nilimshauri bibi aiweke. Zawadi ni zawadi, na familia iliyoitunza tangu enzi za mkoloni ina haki ambayo kilembwe wa askari, ambaye huenda hajapata hata kulisikia jina lake, hawezi kuipata kwa damu tu. Hata hivyo ushahidi wa zawadi hiyo ni neno la bibi peke yake, na ningekuwa mimi ndiye kilembwe huyo, sijui kama ningeridhika na uamuzi wangu. Mjukuu hakuridhika, naye si mjinga.

Tulichokubaliana ni kwamba ataandika barua kwanza. Ataambatisha picha za pande zote mbili na za ukingo, ataeleza jinsi medali ilivyofika Marangu kwa maneno ya bibi mwenyewe bila kuyapamba, na atauliza kama kuna mtu wa ukoo ule anayetaka kujua zaidi, bila kuahidi kutuma chochote. Medali itabaki kwenye kopo mpaka bibi aseme vinginevyo, kwa kuwa aliyeitunza ndiye mwenye neno la mwisho.