Tingatinga si trekta, wala si sanaa ya mababu

Ukimtajia mtu neno tingatinga, anachokiona kwanza ni mtambo unaochimba barabara. Kwa hiyo wapo wanaoamini michoro ile ya Tanzania iitwayo tingatinga, ya chui mwenye macho ya kushangaa na twiga wa shingo kujipinda ilipewa jina la mashine. Ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa 1932 huko Tunduru, aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki kama vijana wengine.

Dhana inayonikera zaidi ni ile ya "sanaa ya kale ya kabila". Wauzaji huwaambia watalii hivyo kwa sababu inauza. Lakini Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 hivi, Uhuru umeshapita. Alichorea hadibodi, na rangi yake ilikuwa ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli. Kazi zilipangwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, mahali wageni walikofanyia manunuzi. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakidhani wanafukuza wahalifu. Miaka minne tu ya kazi! Ndugu na wanafunzi wake ndio walioendeleza, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika.

"Basi hao wengine wananakili tu." Hapa pana ukweli nusu. Ufundi huu hufundishwa kwa kukaa kando ya fundi, na chui wa mwanafunzi lazima afanane na wa mwalimu. Ila linganisha: Tingatinga mwenyewe mara nyingi alichora mnyama mmoja, katikati, nyuma yake rangi tupu. Zile picha ambamo ndege, maua na pundamilia wamesongamana mpaka ukingoni zilikuja baada yake. Anayesema zote ni moja hajazitazama.

Na kwamba ni michoro ya watoto? Mtoto angependa, ndiyo. Jaribu wewe kupanga madoa mia mbili mgongoni mwa chui bila moja kugusana na jirani yake.

Kisha kuna chapa, zile nakala za karatasi za kuweka kwenye fremu. Wengine huziita feki. Mimi sioni ubaya wowote, mradi muuzaji aseme ni chapa na mchoraji awe amekubali. Asiye na haki ni yule aliyenunua mchoro mmoja akadhani amenunua na ruhusa ya kuuchapa kwenye fulana na vikombe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya 1999, haisemi hivyo: umenunua kitu, haki ya kukinakili hukuinunua.

Kutofautisha chapa na mchoro wa mkono si kazi. Inamisha picha kuelekea dirishani. Rangi ya mafuta hung'aa, na madoa yaliyopakwa juu ya rangi ya kwanza huinuka kidogo. Ukitazama chapa ya mashine kwa kioo cha kukuzia, yule chui wa manjano anasambaratika kuwa vidoti vidogo vidogo vya rangi tofauti. Usidanganywe na sahihi iliyo kwenye kona ya chini, kwani mashine huichapa pamoja na picha. Pitisha kidole juu yake, taratibu: iliyopakwa kwa mkono utaihisi imeinuka.