Krosi za shafti zilizojificha chini ya trekta dogo: jinsi ya kuzifikia, kuzipaka grisi na kuzibadilisha

Kwenye trekta dogo krosi (kile kiungo kinachoiwezesha shafti kuzunguka hata ikiwa na pembe) inayokufa mapema ni ile ambayo mkono haufiki. Ile ya shafti ya PTO pale nyuma, yaani shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine iliyofungwa kwenye trekta, kila mtu anaiona, dereva akipita anaipiga grisi mara mbili tatu na kuendelea na safari, lakini zile zilizojibana katikati ya chesisi zinasahaulika mpaka siku zinapokatika, na zikikatika huwa haziendi peke yake, shafti inaanza kurukaruka inapiga boksi ya gia, inapiga mabomba ya haidroliki, na kazi iliyotakiwa iwe ya grisi inageuka kuwa kazi ya kufungua nusu ya trekta.

Sasa zipo wapi? Inategemea na muundo. Kuna trekta zina shafti fupi chini ya sakafu ya dereva inayotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye boksi ya gia, nyingine zina shafti ya PTO ya katikati inayoendesha mashine ya kukata majani tumboni, halafu kuna ile ndefu inayokwenda ekseli ya mbele kwa zenye fowili, yaani zinazosukuma kwa matairi yote manne. Hiyo ya mbele kwenye trekta nyingi haina krosi kabisa, imefunikwa na bomba na imeungwa kwa kopilingi za meno zilizofungwa kwa pini. Kwa hiyo kabla hujalala chini na spana fungua kitabu cha trekta lako tafuta ule mchoro wa sehemu za grisi, uhesabu zilizopo kwenye mchoro, kisha uhesabu ulizowahi kuzigusa. Mara nyingi hesabu hazilingani.

Krosi yenyewe ni chuma chenye umbo la msalaba, mikono minne, kila mkono umevalishwa kikombe chenye visindano vya beringi ndani. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kufikiri, wanadhani visindano vile vinazunguka mzunguko kamili kama beringi ya tairi. Hapana, vinakwenda mbele na nyuma kidogo tu kulingana na pembe ya shafti. Maana yake vinagonga palepale siku zote, na grisi ikiisha vinachimba mistari kwenye mkono wa msalaba, na mistari ikishachimbika hata ukijaza grisi ndoo nzima haitarudi kuwa krosi nzima. Ukiona unga mwekundu wa kutu umezunguka sili ya kikombe, ujue ndani hakuna grisi tena, na hiyo ni dalili utakayoiona kwa tochi tu kabla hata hujafungua kitu.

Kwenye kuzifikia naomba mnisikilize vizuri maana hapa watu wanaumia. Injini izimwe, funguo itoke uwe nayo mfukoni, breki ya mkono, shusha kila kilichoinuliwa na haidroliki, weka vigingi kwenye matairi ya nyuma. Ukiinua mbele kwa jeki weka stendi za chuma, usitegemee jeki, na kumbuka ekseli ya mbele ya trekta inachezacheza kwenye pini ya katikati, kwa hiyo hata ukiweka stendi chini ya ekseli mwili wa trekta bado unaweza kulala upande mmoja. Piga kabari za mbao ngumu kati ya ekseli na chesisi pande zote mbili. Hili watu wengi hawalijui.

Basi umefika chini, unakuta nipeli ya grisi (kile kichwa kidogo cha kuingizia grisi) imeangalia juu kwenye chesisi na bomba la pampu haliingii. Usiilazimishe, zungusha shafti. Kama ni ya kwenda mbele toa fowili, inua tairi moja la mbele, lizungushe kwa mkono na shafti itageuka nalo mpaka nipeli ije upande wako. Shafti ya PTO ukishatoa PTO kwenye gia mara nyingi inazunguka kwa mkono, na ile inayotoka kwenye injini utaizungusha kwa spana kwenye nati ya puli ya krenki, taratibu. Kamwe usimwambie mtu aguse stata wakati mikono yako iko huko chini. Nunua bomba laini la pampu pamoja na kichwa kilichopinda nyuzi 90, na kwa zile nipeli zilizozama kuna kichwa chembamba cha sindano. Futa nipeli kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani.

Pampu polepole mpaka grisi mpya itokee kwenye vikombe vyote vinne. Sio vitatu, vinne! Kile kisichotoa ndicho kitakachokufa, na dawa yake ni kusukuma shafti kuelekea upande wa pili ili kikombe kilichobana kipumue halafu unapampu tena. Tumia grisi ya lithiamu namba 2 ya mzigo mzito kama kitabu hakijasema vingine. Vitabu vingi vinataka kila saa 50 za kazi, za shafti ya PTO ya nyuma mapema zaidi, ila ukifanya kazi kwenye maji au tope paka siku hiyohiyo, grisi mpya inasukuma maji nje. Na usiweke kiganja mbele ya pampu, grisi ikipenya ngozi kwa presha hata kwa kitundu kidogo ni dharura ya hospitali, hata kama hakiumi.

Kupima kama imechoka ni rahisi, shika shafti mkono mmoja na yoki (ile uma ya chuma inayoshika vikombe vya krosi) mkono mwingine, zungusha kinyume, kisha inua na kushusha. Ukisikia mchezo wowote kwenye vikombe, badilisha. Dalili nyingine ni mlio wa tik unapogeuza kutoka mbele kwenda nyuma, au mtetemo unaopanda na spidi ya shafti.

Ukiamua kubadilisha, kabla ya kulegeza bolti hata moja piga alama ya rangi kwenye shafti na kila yoki. Krosi ikiwa na pembe haizungushi shafti kwa mwendo sawa, inaharakisha na kuchelewa mara mbili kila mzunguko, na krosi ya pili ndiyo inayosawazisha lakini kwa masharti kwamba yoki mbili za shafti hiyo zimelala kwenye mstari mmoja. Ukizikosea jino moja tu, mtetemo utakula krosi mpya ulizotoka kununua na beringi za boksi ya gia juu yake.

Toa saklipi (vile vipete vya chuma vinavyozuia vikombe visitoke), weka soketi ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, kamua kwa vaisi. Zikigoma, mafuta ya kutu ya usiku kucha yanasaidia, moto hapana, kuna sili na tangi la mafuta jirani. Unaporudisha, kikombe kikikataa kuzama milimita za mwisho usipige nyundo, kuna kisindano kimeanguka ndani, toa kikombe ukitazame, kisindano ukirudishe mahali pake kwa grisi. Saklipi ikae kwenye mfereji wake wote, kisha gonga masikio ya yoki kidogo ili krosi icheze bila kubana.

Na hapo ndipo pa kumaliza tatizo la kutofikika: kabla hujasukuma vikombe chagua nipeli iangalie wapi. Ipeleke upande wa shafti, na nipeli za krosi zote mbili ziwe upande mmoja ili shafti ikisimama mahali pamoja uzipate zote. Ukimaliza kaza bolti kwa kipimo cha kitabu, rudisha vifuniko vyote, endesha polepole bila mzigo ukisikiliza, halafu baada ya saa chache za kazi ingia tena chini ukague bolti na saklipi zote.