Je, wajua kwa nini farasi akichomwa dawa ya usingizi haanguki?

Huku Mtwara na Lindi farasi wengi tunawaona kwenye simu tu. Mbung'o wa mapori ya kusini hueneza nagana, ugonjwa unaomwangusha farasi upesi, na mifugo tuliyoizoea ni mbuzi, kuku na siku hizi ng'ombe wa wafugaji waliohamia Kilwa na Nachingwea. Basi mtu akiona video ya daktari akimdunga farasi sindano ya shingoni, anauliza: kama ni dawa ya usingizi, mbona kasimama?

Kwanza, ile si nusu kaputi. Ni dawa ya kutuliza, mara nyingi zailazini, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1962, au ndugu yake detomidini. Hupunguza noradrenalini, kemikali ya ubongo inayomweka mnyama macho, tayari kutimua mbio. Ikiingia mshipani, dakika chache tu kichwa kinashuka, mdomo wa chini unaning'inia, miguu inatanuka. Utadhani mzee aliyeonja uraka msimu wa mabibo, kaegemea mkorosho na hataki kukaa.

Halafu kuna maumbile. Miguu ya farasi ina kano zinazobeba mwili bila misuli kuchoka, na mguu wa nyuma una kufuli hasa: pia ya goti hujipachika juu ya nundu ya mfupa wa paja, mguu ukakaza. Hata bila dawa, farasi husinzia wima. Hulala chini kwa muda mfupi tu, anapohitaji usingizi mzito wa ndoto.

Na daktari mwenyewe hataki alale. Mnyama wa kilo 500 akilazwa, uzito wake unabana mapafu na kuumiza misuli ya upande wa chini. Akizinduka hukurupuka kabla miguu haijapata nguvu, na hapo ndipo anapovunjika. Katika nusu kaputi, karibu farasi mmoja kati ya 100 hufa, hata wasio wagonjwa mahututi. Ndiyo maana kusawazisha meno yake, kutibu jicho au kushona kidonda hufanywa akiwa amesimama, kwa dawa ya kutuliza na ganzi.

Ila usidanganyike na macho yake mazito. Farasi aliyetulizwa akiguswa ghafla hupiga teke, tena la shabaha. Na asipewe majani mpaka azinduke vizuri, maana atakabwa. Kuna dawa nyingine, asepromazini, inayotuliza bila kuondoa maumivu. Kwa dume ina balaa lake: uume unaweza kutoka nje ukashindwa kurudi.

Linalotuhusu zaidi sisi ni ng'ombe. Kwa zailazini, yeye huathirika kwa takriban moja ya kumi ya dozi ya farasi. Kiasi kinachomfanya farasi asinzie wima kinaweza kumuua ng'ombe wa uzito uleule. Kwa hiyo chupa moja, sindano moja, lakini hesabu tofauti kabisa, na hesabu hiyo ni ya daktari wa mifugo, si ya jirani mwenye uzoefu. Tena ng'ombe, tofauti na farasi, hulala chini kweli. Akilala, wasaidizi humweka kifudifudi, kifua chini, ili gesi ya tumboni ipate njia ya kutoka na mate yasiingie mapafuni.